"Bando Limekwisha?" Maelezo ya Sauti kwa Wasioona, Kuanzia Filamu za Mtandaoni hadi Ibada Zetu



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani kwetu wilayani Kongwa, nikakaa uani na bibi mzaa mama kusikiliza ibada ya upadrisho iliyorushwa mubashara YouTube. Nasema kusikiliza kwa sababu bibi haoni. Macho yake yalimwacha kidogo kidogo kwa trakoma, ambayo wengi wetu huiita vikope, ugonjwa ulioijulisha Kongwa kwa watafiti wa macho duniani pengine kuliko ule mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947. Vijidudu hupita kwa mikono, vitambaa na inzi. Mtoto huambukizwa, hupona, huambukizwa tena, hadi upande wa ndani wa kope unaota makovu na kope zinageukia ndani na kukwaruza jicho miaka na miaka. Upasuaji mdogo wa kope unaweza kuuzuia ukifanyika mapema. Kwa bibi haukufanyika mapema.

Miongoni mwa mashemasi waliopewa upadre siku ile alikuwamo kijana wa kigango chetu. Bibi alimfundisha mafundisho ya Komunyo ya kwanza wakati bado anaona. Basi siku ile hakuna aliyeruhusiwa kupiga kelele uani, hata kuku walifukuzwa.

Ikaanza Litania ya Watakatifu. Bibi aliitikia mara kadhaa, kisha akaniuliza:

"Mume wangu," (ndivyo anavyoniita, kama mabibi wengi wanavyowaita wajukuu wao, na kuingia kwangu seminari hakujambadilisha) "wakati wanaimba hivi, mashemasi wako wapi?"

"Wamelala, bibi."

"Wamelala! Kanisani?"

Uani kote wakacheka. Nikamweleza kwamba wamelala kifudifudi sakafuni mbele ya altare, nyuso chini. Akatikisa kichwa, akaridhika. Litania ikaisha, na simu ikanyamaza. Ikaendelea kunyamaza. Bibi akasogeza sikio karibu, akangoja, kisha akaniuliza kwa huzuni ya kweli:

"Bando limekwisha?"

Bando lilikuwapo. Askofu alikuwa anawawekea mikono.

Mtakaosoma teolojia, au mliokwisha kuisoma, mnajua uzito wa dakika hiyo. Papa Pius XII, katika hati yake ya Novemba 30, 1947, alitamka wazi kwamba maada ya sakramenti ya Daraja Takatifu ni kuwekewa mikono. Na tendo hilo hufanyika kimya: askofu kwanza, kisha mapadre wote waliopo, mmoja baada ya mwingine, bila neno. Kwa hiyo bibi yangu alisikia nyimbo zote, matangazo yote na hotuba zote za shukrani, na pale ilipokuwa sakramenti yenyewe alidhani simu imeishiwa bando. Nami nilikuwa nimeketi ubavuni pake, nimeishika simu, natazama.

Nilirudi seminarini nikaanza kutafuta kama kuna watu waliokwisha kulifikiria jambo hili. Wapo, na wamelifikiria muda mrefu, ila si kwa ajili ya ibada. Ni watu wa filamu.

Kitu chenyewe ni nini

Kinaitwa maelezo ya sauti. Ni sauti ya pili inayowekwa juu ya filamu, ambamo msimulizi anasema kwa kifupi yale yanayoonekana na hayasikiki: nani ameingia, ameshika nini, ameangalia wapi, maandishi gani yametokea kwenye skrini. Msimulizi husema katika mapengo tu, pale wahusika wanapokuwa hawazungumzi. Anayeona anaweza asijue kabisa kwamba sauti hiyo ipo, kwa kuwa haisikiki mpaka iwashwe.

Sisi Watanzania tuna jamaa yake wa karibu: mtangazaji wa mpira redioni. Mechi ya Simba na Yanga ikitangazwa redioni, sote tunakuwa wasioona kwa dakika 90, na hakuna anayelalamika, kwa sababu mtangazaji anajua kwamba hatuoni. Akihamia kwenye televisheni, mtangazaji yuleyule huanza kusimulia habari za usajili wa mwaka jana huku mpira ukielekea golini, maana anadhani kila mtu anaona. Tofauti yote imo katika kumjua msikilizaji wako.

Kwenye michezo ya jukwaani huduma hii ilianza Washington, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kazi ya Margaret Pfanstiehl, mama aliyekuwa na uoni hafifu sana, na mumewe Cody. Mwaka 1990 kituo cha televisheni cha WGBH cha Boston kikaifanya kuwa huduma ya kudumu kwa vipindi vyake. Kwenye filamu za mtandaoni ilichelewa. Aprili 2015 Netflix ilitoa tamthilia ya Daredevil, ambayo shujaa wake ni mwanasheria asiyeona. Ilitoka bila maelezo ya sauti! Wasioona wakauliza, kwa haki kabisa, inakuwaje hadithi ya asiyeona isiweze kufuatiliwa na wasioona. Siku chache baadaye maelezo yakawekwa, na tangu hapo filamu na tamthilia zenye huduma hiyo zimeongezeka mwaka hadi mwaka.

Hili si la hisani tu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9. Ibara ya 30 ya Mkataba huo inataja kwa majina televisheni, filamu na michezo ya jukwaani kuwa ni vitu ambavyo mtu mwenye ulemavu anastahili kuvipata katika namna anayoweza kuifuatilia.

Namna ya kuwasha

Rafiki yangu mlei anayefanya kazi hapa jijini Dodoma ana akaunti ya Netflix, nikamwomba tujaribu pamoja Jumamosi moja. Hakujua kwamba kitu hiki kimo ndani ya simu yake miaka yote hiyo.

Fungua filamu, ianze kucheza, gusa skrini mara moja. Vitatokea vitufe, chagua kile cha sauti na manukuu. Utaona orodha ya lugha. Filamu yenye maelezo ya sauti itakuwa na lugha moja imeandikwa mara mbili, na mara ya pili pembeni yake yapo maneno Audio Description. Chagua hiyo. Ukitaka kujua ni filamu zipi zinazo, andika maneno hayohayo mawili kwenye sehemu ya kutafutia. Prime Video inakwenda kwa njia inayofanana sana. Kwenye iPhone, ingia kwenye mipangilio ya simu yenyewe, sehemu ya Accessibility, kisha Audio Descriptions, uwashe. Tangu hapo programu zinazofuata mpangilio huo zitaileta sauti hiyo zenyewe kila inapokuwapo.

Kuhusu bando: anayesikiliza hana haja ya picha kali. Kwenye mipangilio ya Netflix kuna chaguo la kubana matumizi ya data, na kampuni yenyewe inakadiria kwamba ukilichagua, GB 1 inatosha kwa saa 6 hivi. Kwa bibi picha ikiwa na ukungu haipungukiwi na kitu.

Lakini nani atamshikia bibi simu kila siku? Hapo ndipo panahitajika kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti kila kitu kilichoandikwa kwenye kioo cha simu. Kwenye simu nyingi za Android inaitwa TalkBack, nayo imo tayari: Mipangilio, kisha Ufikivu, kisha TalkBack. Mfumo wa Google wa kusoma maandishi una sauti ya Kiswahili, basi ichague, la sivyo utasikia Kiswahili kinasomwa kana kwamba ni Kiingereza, na utacheka mpaka usahau kilichokuleta. Tahadhari moja nzito: TalkBack ikiwashwa, simu inabadilisha tabia. Ukigusa mara moja inasoma tu. Ili kufungua lazima uguse mara mbili. Mimi niliiwasha kwenye simu ya mwenzangu hapa seminarini, tukakaa nusu saa nzima tukishindwa kuizima. Kwa hiyo usimwashie mzee halafu ukaaga. Kaa naye, mfundishe kugusa mara mbili, mfundishe kuburuta kidole kulia ili asogee mbele, na umwekee njia ya mkato ya kubonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja ili aiwashe na kuizima mwenyewe.

Pengo la lugha

Sasa niseme ukweli. Katika filamu zote tulizofungua Jumamosi ile, maelezo ya sauti yalikuwa kwa Kiingereza, na machache kwa lugha nyingine za Ulaya. Hatukukuta hata moja kwa Kiswahili. Kwa mwanafunzi wa chuo asiyeona hili linaweza lisiwe tatizo. Kwa bibi yangu, ambaye Kiswahili chenyewe ni lugha yake ya pili baada ya Kigogo, kitufe chote nilichokieleza hapo juu ni kama kisima chenye kufuli.

Wengine watasema: mbona tulikuwa na watafsiri wa filamu? Ni kweli, Afrika Mashariki ina mafundi wake. Lufufu hapa kwetu, DJ Afro Kenya, VJ Jingo Uganda: hawa walichukua filamu za kigeni wakazisimulia upya kwa lugha ya watu wao, na vibanda vya video vikajaa. Nawaheshimu. Walithibitisha kwamba mtu mmoja mwenye kipaza sauti anaweza kulifungua jambo zima kwa lugha yetu. Lakini kazi yao ilikuwa nyingine. Wao waliwasimulia wanaoona, kwa hiyo hawakuhitaji kusema kwamba mlango umefunguliwa. Walieleza maneno, waliongeza utani, wakati mwingine waliwapa wahusika majina na mawazo ambayo mtunzi hakuyaota. Maelezo ya sauti yanadai nidhamu iliyo kinyume kidogo: sema kilichopo.

Kusema kilichopo

Mwanafunzi wa falsafa anayesoma haya huenda amekumbuka mwanzo wa Metafizikia ya Aristotle, kwamba binadamu wote kwa asili hutamani kujua, na kwamba katika milango ya fahamu tunaupenda uoni kuliko mingine. Wengi huishia hapo. Lakini Aristotle huyohuyo, katika kitabu chake kidogo juu ya milango ya fahamu, anaongeza kwamba kwa ajili ya akili usikivu unachangia zaidi, kwa sababu neno huingia kwa sikio. Naye anasema kwamba waliozaliwa bila kuona hupata maarifa kuliko waliozaliwa bila kusikia wala kusema. Hapo aliwakosea viziwi, maana hakujua kwamba ishara za mikono ni lugha kamili. Ila kuhusu wasioona aliona kitu ambacho sisi tunakisahau tunapomsemesha asiyeona kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. Kinachokosekana kwake ni habari. Akili ipo, inangoja.

Na hapa ndipo kosa la kwanza la msimulizi linapoonekana. Tunafundishwa darasani kwamba hakuna kitu akilini ambacho hakikupitia kwanza kwenye milango ya fahamu. Chukua mfano: kwenye skrini mwanamke amesimama mlangoni na barua. Msimulizi wa haraka atasema, "Amesikitika." Amekwisha kumfanyia msikilizaji kazi yake. Mwingine atasema, "Mwanamke amesimama mlangoni. Anaikunja barua mara mbili, mara nne. Anaificha kifuani." Huyu amempa asiyeona kilekile alichopewa anayeona, kisha amemwachia ahukumu mwenyewe kama ni huzuni, hofu, au ujanja. Nilipojaribu zoezi hili na wenzangu watatu jioni moja, kila mmoja alianza na hukumu. "Amekasirika." "Ana kiburi." Tulipoulizana umeona nini hata ukasema hivyo, hakuna aliyejibu haraka.

Sitaki kudanganya kwamba msimulizi ni kioo kitupu. Pengo la sekunde tatu linatosha maneno saba au manane, na mbele yako kuna vitu arobaini. Kuchagua ni kuhukumu, hakuna namna. Ndiyo maana kanuni ya pili nimeipata katika Injili ya Marko, sura ya 10, kwa Bartimayo. Watu wengi walimkemea anyamaze, na naungama kwamba nimewahi kumnyamazisha mzee aliyekuwa akiuliza maswali tulipoonesha filamu ya Mateso parokiani wakati wa Kwaresima. Yesu alisimama, akamuuliza anataka afanyiwe nini. Jibu lilikuwa wazi kwa kila mtu barabarani, na bado alimuuliza. Basi muulize unayeketi naye. Bibi yangu aliona kwa zaidi ya miaka 50, anazikumbuka rangi, na ukimwambia kasula ni nyeupe yenye mistari ya dhahabu atataka kujua mistari iko wapi. Mwingine aliyezaliwa haoni anaweza kukuambia rangi haimhusu, au akakushangaza kwa kuitaka kuliko vyote. Mmoja atataka jina la kila anayeingia, mwingine atakuomba unyamaze asikie kwaya. Sauti ya kwenye filamu haiwezi kuuliza swali hilo. Wewe unaweza.

Je, ibada zetu za mtandaoni?

Nilipomweleza mlezi wetu mmoja jambo hili, alitoa pingamizi zuri: ukimya wa liturujia nao ni sala. Mtangazaji akianza kusema wakati askofu anaweka mikono, ameuvunja ukimya huo kwa maelfu ili kumsaidia mmoja. Nakubali, na ndiyo maana nikayapenda maelezo ya sauti: yanakaa kwenye sauti ya pili. Mwenye kuhitaji ukimya anaupata, mwenye kuhitaji maneno anayapata, kwa video ileile. YouTube sasa inawawezesha watengenezaji wengi wa video kupachika sauti zaidi ya moja kwenye video yao. Kama akaunti ya parokia haina nafasi hiyo, pandisha nakala ya pili ya video ikiwa na maelezo, na uiandike hivyo kwenye kichwa chake. Kama hata hilo ni kubwa, kijana mmoja wa VIWAWA arekodi ujumbe wa sauti kabla ya ibada: kanisa limepambwa vipi, nani watasimama wapi, na ni wakati gani patakuwa na ukimya na kwa nini. Dakika 4 zinatosha, nao unapita WhatsApp hadi vigangoni.

Wala si mambo ya kigeni kwa liturujia. Maelekezo Makuu ya Misale ya Kirumi, namba 105, yanamtambua mtoa maelezo, na yanamtaka aandae maneno yake kwa uangalifu, yawe wazi na mafupi. Yanamkataza pia kusimama kwenye mimbari ya Neno, jambo ambalo baadhi ya watangazaji wetu wangefaa kulisikia, lakini tuliache.

Kwa jumuiya ndogo ndogo za huku kwetu, kuanzia Kongwa hadi Chamwino, ambako kuna shule ya msingi ya wasioona ya Buigiri, watu wa namna hii si wa kutafuta kwa tochi. Taarifa ya habari ya Redio Tanzania ilitanguliwa kwa miaka mingi na ngoma za mzee Morris Nyunyusa, naye hakuwa anaona. Taifa zima lilikaa kimya kumsikiliza.

Mwezi uliopita nilipata ruhusa ya siku mbili, nikaenda tena Kongwa. Nilikuwa nimeihifadhi ile video ya upadrisho kwenye simu. Tuliketi palepale uani, nikaanza pale litania inapoishia.

"Wamepiga magoti," nikasema. "Wa kwetu ni wa tatu kutoka kushoto. Askofu amesimama mbele yake. Ameweka mikono miwili juu ya kichwa chake. Anaiondoa. Sasa mapadre wamepanga mstari, wanakuja mmoja mmoja, kila mmoja anafanya vilevile."

"Wangapi?"

Nikahesabu kwa sauti. Nilipofika 30 akaniambia niache kuhesabu.

"Na yeye," akauliza, "mikono yake mwenyewe ameiwekaje?"

Nilikuwa nimeitazama video ile mara nne. Nikairudisha nyuma, nikaisogeza simu karibu na uso.